Pikapu, mzigo na mlima Kitonga: Mbezi hadi Tukuyu na kurudi

Nimeandika haya baada ya kurudi, kwa kufuata daftari la mafuta ninaloliweka kwenye dashibodi na picha za kwenye simu. Safari ilikuwa ya kutoka Mbezi, Dar es Salaam, kupeleka mashine ya kusaga kwa shangazi yetu Tukuyu, mkoani Mbeya, kisha kurudi na mchele. Gari ni Toyota Hilux Vigo ya milango minne, injini ya dizeli ya lita 2.5, gia za mkono. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukipokezana usukani.

Wenye pikapu wenzangu huniuliza maswali mawili: inakula kiasi gani, na Kitonga inapandaje ikiwa na mzigo. Kwangu hilo ni swali moja. Dereva anayeharibu mafuta kwa kawaida ndiye anayewahatarisha watu, na mkono ule ule unaookoa lita ndio unaoleta gari nyumbani zima. Nitaeleza siku kwa siku jinsi nilivyoliona hilo barabarani.

Jumatatu, 7 Julai. Kupakia, Mbezi

Ilikuwa Saba Saba, watu wengi wako mapumziko, kwa hiyo vijana wa kupakia walipatikana bila tabu. Elfu ishirini kwa wanne. Mashine pamoja na mota yake ni kama kilo 420 kwa maelezo ya aliyetuuzia. Walitaka kuiacha karibu na mlango wa nyuma wa bodi ili kuishusha kuwe rahisi. Nikawaomba waisukume mpaka igusane na kabini.

Hili watu wengi hawalijali. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari inanyanyuka. Matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa zaidi ukifunga breki. Yakipunguziwa uzito, usukani unakuwa mwepesi na gari linachelewa kutii. Taa nazo zinapanda juu na kuwapiga machoni wanaokuja. Mzigo ukae chini, ukae mbele, na ufungwe kwa kamba zinazopishana ili usiende mbele wala pembeni. Turubai tulilikaza mpaka likawa halipigi kelele. Turubai linalopepea linachanika, na linakamata upepo ambao injini inaulipia.

Keria ya juu ya kabini nilikuwa nimeshaivua. Kama hubebi kitu juu, ivue. Na kuna imani kwamba kuendesha pikapu tupu huku mlango wa bodi umefunguliwa kunapunguza mafuta. Haipunguzi. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na ile nyingine inateleza juu yake. Ukiufungua unavuruga mpangilio huo, na chochote kilichomo kinaweza kumwangukia bodaboda aliye nyuma yako.

Mwisho, upepo wa matairi. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na kwa pikapu nyingi matairi ya nyuma yana namba mbili, moja ya gari tupu na nyingine ya gari lenye mzigo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi lililopata moto linaonyesha namba kubwa zaidi, na ukilitoa upepo hapo, likipoa litakuwa limepungukiwa. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja na kujinyoosha kila linapozunguka, linapata joto, linakula mafuta, na likizidiwa linapasuka ukiwa kwenye mwendo.

Jumanne, 8 Julai. Mbezi – Mikumi

Tuliondoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Sheli ya kwanza, fulu tanki. Dizeli ilikuwa karibu 2,800 kwa lita. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kadiri unavyokwenda mbali na bandari ndivyo bei inavyopanda, kwa hiyo jaza Dar. Nilijaza mpaka pampu ikajikata yenyewe, bila kuongezea, na nikafanya hivyo hivyo kila kituo. Usipojaza kwa namna moja, hesabu ya kilomita kwa lita itakudanganya.

Kimara hadi Kibaha njia ni pana na alfajiri haina foleni. Mlandizi, Ruvu, Chalinze, yote tuliyapita salama. Chalinze tulikunywa supu ya mbuzi na chapati mbili mbili, 10,000 kwa wote.

Kuanzia Chalinze malori yanakuwa mengi, na ndipo mwendo wa dereva unapojionyesha. Mdogo wangu alishika usukani. Anaendesha vizuri, ila alikuwa analisogelea lori mpaka mtu anasoma maandishi ya kwenye bampa, anafunga breki, anakanyaga mafuta, anafunga breki tena. Nikamwambia arudi nyuma.

"Dada, nikiacha nafasi wengine wataingia."

"Waache waingie. Achia tena nafasi nyingine."

Nilimfundisha kuhesabu. Lori la mbele likipita kwenye nguzo au kibao, anza: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukifika kwenye kibao kabla hujamaliza, uko karibu mno. Ukiwa na mzigo, ongeza sekunde moja au mbili, maana pikapu yenye nusu tani mgongoni haisimami kama teksi. Faida ya pili ni ya mafuta. Ukiwa na nafasi, lori likipunguza mwendo wewe unaachia tu pedali ya mafuta, gari linapungua lenyewe, na likiondoka unaendelea bila kuanza upya. Kila ukifunga breki unageuza kuwa joto mwendo ambao umeshaulipia sheli, kisha unaununua tena. Baada ya Mikese nikaona mguu wake umetulia.

Malori ya njia hii yana lugha yake. Ukiwa nyuma ya lori na dereva akawasha indiketa ya kulia bila kukata kona, anakwambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia njia ni nyeupe. Ni ukarimu mkubwa wa watu wasiokujua, nami huwashukuru kwa kuwasha taa nikishapita. Lakini macho ni yako. Indiketa ya kushoto inaweza kuwa na maana kwamba anaingia pembeni, na naye hana uwezo wa kuona kila kitu kilicho mbele ya kona. Kama huoni barabara tupu ya kutosha kwa macho yako mwenyewe, kaa nyuma.

Morogoro tulipita bila kusimama. Mbele yake ni Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata kwa kama kilomita 50. Vibao vya mwendo vipo, na lipo bango la faini kwa kila mnyama utakayemgonga, kwa dola. Fuata vibao. Hapo katikati magari yote yalisimama: tembo walikuwa wanavuka, mama mbele, watoto katikati, na mmoja mkubwa alibaki ukingoni akituangalia mpaka wa mwisho alipovuka. Nilizima injini. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja hivi, zima, kwa sababu gari lililosimama likiunguruma linatoa kilomita sifuri kwa lita. Ila kama umetoka kupanda mlima mkali na gari lina tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, iache kwanza ipumue dakika moja au mbili, oili iendelee kuipoza, ndipo uzime.

Mikumi mjini tulifika mchana na tukaamua kulala. Gesti 30,000, ina ukuta na mlinzi, jambo la lazima ukiwa na mzigo nyuma. Nilipozunguka gari niliona tairi la mbele kushoto limelegea kidogo. Fundi tairi aliye karibu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alilijaza, akalowesha kidole kwa mate, akapaka juu ya valvu. Tukainama sote. Kikatokea kipovu kidogo, kikavimba, kikapasuka, kikatokea kingine. Akafungua kile kichuma cha ndani ya valvu, akaweka kipya, akapaka mate tena: kimya. Akafunga kifuniko, ambacho hakikuwepo kabla, akasema vumbi likiingia ndani ya valvu ndilo linaloanzisha kuvuja.

Kisha akainama chini ya bodi, akamulika tairi la akiba lililokuja na gari. Halijawahi kugusa lami, vinyweleo vya kiwandani bado vipo. Akanionyesha namba nne za mwisho ubavuni: 1114. Wiki ya 11, mwaka 2014. "Dada, hili sura yake ni ya mtoto lakini ni zee. Usilitegemee na mzigo huu." Nilimuuliza bei ya kazi yake akakataa hela. Alisema nikirudi nimletee mchele wa Kyela wa kupika mara moja.

*Kwa anayefuata:* angalia hizo namba nne kabla ya kununua tairi lolote, hasa la mtumba. Raba inazeeka hata ikiwa imekaa stoo.

Jumatano, 9 Julai. Mikumi – Iringa

Asubuhi ya baridi, kisha joto likapanda kadiri tulivyoshuka kwenye bonde la mibuyu. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa barabarani kwa ndoo na kwa vifungu. Tulikula kwa mama mmoja: wali, maharage, samaki wa mtoni, 4,000 kwa sahani. Meza yetu alikaa dereva wa semi, mzee wa mvi. Tulimwamkia, akaitikia, akaangalia gari letu nje, akauliza tunakwenda na nini. Nilipomwambia, akasema kupanda si tabu, injini ikishindwa utasimama tu. "Kuna kurudi. Ukirudi na mchele, gia unayopandia leo ikariri. Hiyo hiyo ndiyo utakayoshukia." Tuliposimama tukakuta ameshalipia chai zetu.

Kitonga. Kwa asiyeijua, ni mteremko unaoning'inia ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nilipanda kwa gia ya tatu, na kwenye kona kali gia ya pili. Kosa la wengi wanaotaka kubana mafuta ni kung'ang'ania gia kubwa mlimani huku injini inatetemeka. Injini inayolalamika hivyo inakula mafuta mengi kwa kazi ndogo na inapata moto. Shusha gia mapema, mshale wa mizunguko ukae karibu na 2,000, mguu utulie. Nilizima kiyoyozi na kuiangalia geji ya joto, haikupanda.

Kabla ya kona moja tukaona matawi mabichi yamelazwa kwenye lami, moja, halafu hatua chache mbele jingine, halafu jingine. Hiyo ni alama ya nchi nzima: mbele kuna gari limekufa. Tukapunguza. Nyuma ya kona lori lilikuwa limesimama katikati ya njia yetu, mawe chini ya matairi, utingo ameketi kivulini. Tulisimama nyuma kabisa, mahali ambapo wanaokuja kutoka juu wanatuona na sisi tunawaona. Tukasubiri kama nusu saa, mpaka kijana mmoja aliyekuwa amepanda juu ya kona akaanza kuruhusu magari kwa kupunga fulana. Hakuna aliyemlipa wala kumtuma. Niliondoka kwa breki ya mkono, klachi ikiuma kidogo kidogo, ili gari lisirudi nyuma hata shubiri.

*Kwa anayefuata:* pembetatu zako za tahadhari ziweke mbali na gari, siyo hatua tatu nyuma ya bampa. Mlimani ziweke kabla ya kona. Na ukishaondoka, toa matawi na mawe yako barabarani. Jiwe lililoachwa usiku linaua mtu wa pikipiki.

Ilula nyanya na vitunguu tena. Iringa tulijaza mafuta pale chini Ipogolo. Kilomita 489, lita 45.6, maana yake 10.7 kwa lita, na mzigo, na Kitonga ndani yake. Kwa kulinganisha: Desemba mdogo wangu aliliendesha gari hili hili kuwahi msiba Iringa, bila mzigo ila na keria, kwa 110 na zaidi kila palipokuwa na nafasi. Lilitoa 9.

Hapo Iringa nilinunua tairi la akiba jipya, 380,000. Iliniuma mfukoni lakini sikuona namna nyingine.

Alhamisi, 10 Julai. Iringa – Tukuyu

Baridi kali na ukungu mpaka karibu na Mafinga. Watu wengi huwasha gari asubuhi wakaliacha likiunguruma robo saa "lipate moto". Injini za sasa hazihitaji hivyo. Nusu dakika inatosha, kisha endesha polepole kwa kilomita chache za mwanzo bila kulikanyaga sana. Linapata joto upesi zaidi likiwa linatembea. Kwenye ukungu washa taa za mbele zikiwa dimu, zimulike chini, siyo fulu, kwa sababu fulu inagonga ukungu na kukurudia machoni. Na hazadi, zile indiketa zote zinazowaka pamoja, ni za gari lililosimama. Ukitembea nazo, anayekufuata hajui kama umesimama au unakwenda, na indiketa yako haionekani.

Msitu wa Sao Hill, Mafinga, Makambako na upepo wake unaosukuma bodi pembeni. Baada ya Igawa njia inanyooka, tambarare ya mpunga, na mguu unatamani kukanyaga. Nilibaki kwenye 80 hadi 85. Hesabu yake ni rahisi: ukuta wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 kwenda 100, nguvu ya hewa inayokupinga inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na pikapu yenye turubai haijachongwa kukata upepo. Igawa hadi Uyole ungeokoa labda dakika kumi na tano, ambazo tulizipoteza zote kwenye foleni ya Uyole tukinunua viazi.

Vijijini ni 50, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wako pale wanapotakiwa kuwa, karibu na shule na magulio. Faini ni 30,000. Mimi hupunguza nikiona kibao cha kwanza, siyo nikiona sare nyeupe. Matuta na rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana, yakianza unaachia mafuta mita mia mbili kabla, gari linafika taratibu, shokomzoba na springi zinapona, mzigo haurukiruki.

Uyole kuelekea Tukuyu ni kona, migomba, mashamba ya chai, na manyunyu yaliyotukuta karibu na Katumba. Lami ikianza kulowa baada ya siku kavu ndipo inapoteleza zaidi, kwa sababu oili na vumbi vinapanda juu kabla mvua haijaviosha. Pikapu tupu ni hatari zaidi hapo kuliko yenye mzigo, mkia wake ni mwepesi na unaweza kukutangulia kwenye kona. Tulifika jioni, mwanga bado upo. Shangazi alitupokea kwa maziwa ya moto na ndizi za kuchemsha na nyama.

Ijumaa na Jumamosi. Tukuyu

Kushusha mashine, kuifunga, kuijaribu. Njia ya kwenda kwa shangazi ni tope jekundu, nikatumia H4, yaani magurudumu yote manne yakisukuma, kwa mara ya kwanza safari nzima. Wapo wanaotembea na H4 kwenye lami kavu wakidhani gari linashika zaidi. Kwa Hilux kama hii ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, na kwenye kona haziendi umbali sawa. Kwenye tope matairi yanateleza kidogo na kujirekebisha; kwenye lami kavu hayana pa kuteleza, kwa hiyo vyuma ndivyo vinavyosokotana, mafuta yanaongezeka na kona inakuwa ngumu. Ukirudi kwenye lami, rudi H2, ya magurudumu ya nyuma peke yake.

Jumamosi jioni kulikuwa na mjadala. Tulikuwa tumekubaliana magunia matano ya mchele ya kilo mia mia, na mikungu ya ndizi. Majirani wakaja na lao. Gunia mbili za huyu zifike kwa mwanawe Kimara, moja ya yule, mfuko wa maparachichi wa mwingine.

"Mwanangu, nafasi si ipo? Juu hapo patupu," shangazi alisema.

Nilichukua kitabu cha gari, nikakaa naye jikoni, tukahesabu pamoja. Uzito unaoruhusiwa unajumuisha na watu, na mafuta, na begi, na tairi, siyo magunia peke yake. Nikamwambia, shangazi, gari litaondoka hapa na hata magunia manane, halitagoma. Tatizo ni Kitonga, kulisimamisha. Alinyamaza, akatoka nje, akawaambia majirani mwenyewe kwamba gari limejaa. Maparachichi tulichukua. Magunia matatu yalikuja wiki iliyofuata na lori la Fuso, kwa nauli ya kawaida, na hakuna aliyenuna. Nakumbusha hili kwa sababu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za kumiliki pikapu: kumkatalia mtu unayempenda, mbele ya watu wengine.

Jumapili, 13 Julai. Tukuyu – Mafinga

Tuliondoka saa mbili. Watu wengi njiani wakienda kanisani, bodaboda zimebeba familia nzima, tukaenda polepole mpaka Uyole. Chimala chai. Kuanzia hapo hakuna la kusimulia hadi Mafinga, tulipolala kwa 25,000 na maji ya moto ya ndoo.

Jumatatu, 14 Julai. Mafinga – Morogoro

Kabla ya Ilula nilisimama nikakagua: upepo, kamba, mafuta ya breki, taa za nyuma. Mdogo wangu aliomba kushuka Kitonga yeye, nikamkubalia, tukakumbushana maneno ya yule mzee.

Juu kabisa, kabla ya mteremko, akapunguza hadi mwendo wa chini na kuingiza gia ya tatu pale pale. Kuna wanaosubiri mpaka gari limeshakimbia ndipo wanatafuta gia ndogo, na wakati mwingine gia haiingii, wanabaki na nyutro mkononi, yaani gari halina gia yoyote. Akaachia mafuta. Injini ikanguruma, ikalishika gari. Kona ya kwanza akagusa breki kwa nguvu, kwa muda mfupi, akaachia kabisa. Mwendo ukapanda kidogo kidogo, akagusa tena, akaachia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiukalia mguu kwenye breki mfululizo, hata kidogo kidogo, pedi zinakosa nafasi ya kupoa, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na pedali inazama hadi chini bila kitu. Kwenye kona kali akaingia ya pili.

Nusu ya mlima tukaanza kusikia harufu. Kali, ya kitu kama raba na chuma kinachoungua. Tukatazamana. Haikuwa yetu: mbele yetu, kona mbili chini, kulikuwa na gari dogo la mizigo linashuka kwa kasi ya ajabu bila sauti ya injini, taa nyekundu za breki zinawaka tu bila kuzimika. Nyutro. Mdogo wangu akaongeza umbali. Lile gari lilipata bahati ya sehemu pana pembeni, likaingia, likasimama, moshi mweupe unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Tulisimama mbele yake mahali salama. Dereva, baba wa makamo, alikuwa amekaa chini anashika kichwa. Tulimpa maji ya kunywa na kumsihi asimwagie breki, maana chuma chenye moto kiasi kile kikipata maji ya baridi kinaweza kujikunja au kupasuka. Alitwambia alikuwa anabana mafuta.

Hilo nataka kila mwenye gari la mizigo alijue. Kwenye injini za sasa, dizeli na petroli zenye mfumo wa umeme wa kupuliza mafuta, ukiteremka ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali, kompyuta inafunga mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro injini haisukumwi na kitu, kwa hiyo inabidi ichome mafuta ili isizime. Nyutro inatumia zaidi. Na wanaozima kabisa injini wanapoteza msaada wa breki na wa usukani, kwenye kona, juu ya korongo. Hakuna hata tone moja linalookolewa. Nilimweleza yule baba kwa upole, akanisikiliza. Tulikaa naye mpaka breki zikapoa, kisha akashuka nyuma yetu kwa gia ya pili mpaka Ruaha Mbuyuni, na pale akaenda gereji.

Mikumi nilimpelekea fundi tairi kilo tatu za mchele. Alipima upepo wa matairi yote bila kuombwa. Hifadhini hapakuwa na tembo, swala tu na twiga wawili mbali. Giza lilikuwa linaingia tulipofika Morogoro, tukalala. Chalinze usiku, na malori yasiyo na taa za nyuma, sipiti.

Jumanne, 15 Julai. Morogoro – Mbezi

Foleni ya Kibaha, kisha nyumbani saa tano.

Hesabu: kwenda, kurudi na mizunguko ya Tukuyu ni kama kilomita 1,790. Lita 165, karibu 470,000, wastani wa 10.8. Kwa mwendo wa ile safari ya Desemba ingekuwa karibu lita 199, yaani karibu laki moja zaidi. Malazi ya njiani, chakula, kupakia na kushusha vilifika kama 240,000, ukiacha tairi. Jumatano yake nilipeleka gari kwa fundi: chujio la hewa limejaa vumbi nikabadilisha, la dizeli tukamwaga maji yaliyojikusanya chini, na pedi za breki za mbele zilikuwa bado zaidi ya nusu. Ukitaka kufanya safari hii Agosti, beba sweta la Iringa na Mafinga, na upange kuifika Kitonga asubuhi kabla malori hayajajaa.